Kolonoskopi kwa Mkaazi wa Mbali: Mwongozo wa Matayarisho, Safari na Maswali ya Kumwuliza Daktari

Ikiwa umeandikiwa rufaa ya kupimwa utumbo mpana kwa kamera, kipimo kinachoitwa kolonoskopi, au ikiwa mzazi wako ndiye aliyeandikiwa, pengine umekwisha kuambiwa siku, saa na gharama, ukapewa dawa ya unga ndani ya mfuko, ukarejea kwako ukidhani ya kuwa yaliyosalia yote ni kazi ya daktari na mashine yake. Dhana hiyo huharibu vipimo vingi. Nusu ya ubora wa kipimo hiki hutengenezwa na mgonjwa mwenyewe kabla hajafika mlangoni pa hospitali, na kwa yule aishiye shamba, mbali na mji, nusu hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu ya masafa, ya choo kilicho nje ya nyumba, ya basi la alfajiri, na ya jamaa wasioelewa kwa nini mtu mzima amekatazwa chakula. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nusu hiyo. Ile ya daktari nitaigusa kwa kadiri inayokupasa kuijua ili upate kuuliza.

KWA NINI UBORA NI MUHIMU KULIKO KIPIMO CHENYEWE

Saratani ya utumbo mpana na puru ni ya tatu kwa wingi duniani, na ya pili kwa kuua: mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata watu wapatao milioni 1.9 na kuwaua zaidi ya laki 9. Walakini ina tabia ambayo saratani chache zinayo, nayo ni kwamba aghalabu huanza kama kinyama kidogo kilichoota ndani ya utumbo, kisichouma wala kutoa dalili, ambacho huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, kabla ya kugeuka kuwa maradhi. Kinyama hicho kikionekana katika muda huo huondolewa papo hapo kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya bomba lile lile la kamera, kazi iliyoanzishwa New York mwaka 1969 na madaktari Hiromi Shinya na William Wolff, na mgonjwa akarudi kwake bila kupasuliwa tumbo.

Basi yote yanategemea kuonekana. Kamera iliyo katika utumbo wenye mabaki ya choo huona kama mvuvi atazamavyo sakafu ya bahari baada ya masika, wakati mito imekwisha kumimina tope lake: kilichopo kipo, lakini jicho halikifikii. Nami huthubutu kusema ya kuwa kipimo kilichofanywa juu ya utumbo mchafu ni kibaya kuliko kutopimwa, maana asiyepimwa hujua kuwa hajapimwa, ilhali aliyepimwa vibaya huondoka na hati ya amani asiyostahili kupewa, na damu ikimtoka mwaka wa pili huihesabu kuwa ni bawasiri tu.

Mkono wa daktari nao una hukumu yake. Katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, Marekani, uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 juu ya madaktari 12 ulionyesha ya kuwa wale waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuliondoa bomba huku wakitazama kila kunjo la utumbo waliwakuta na vinyama watu 28 katika kila 100, na wale waliofanya haraka kuliko hapo wakawakuta navyo watu 12 tu. Wagonjwa walikuwa wa mji mmoja. Tofauti ilikuwa subira.

NANI APIMWE, NA KWA NJIA GANI

Mtu asiye na dalili yoyote wala jamaa aliyepata kuugua hushauriwa na wataalamu wengi siku hizi aanze kuchunguzwa afikapo umri wa miaka 45. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua saratani hii aanze akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao jamaa yake alipogunduliwa, lolote litakalotangulia.

Zipo njia mbili mbele ya asiye na dalili. Ya kwanza ni kolonoskopi, ambayo ikiwa safi na kamili na haikukuta kitu hutosha kwa miaka 10. Ya pili ni kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, ambacho hurudiwa kila mwaka, hakihitaji dawa ya kuharisha wala safari, na sampuli yake huweza kuchukuliwa nyumbani. Kwa vijiji vyetu, ambako mashine za kolonoskopi ni chache na ziko mijini, kama vile Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza kwa Tanzania, ingawa Kenya ina Tenwek kule Bomet, hospitali ya misheni iliyopata sifa katika kazi hii ikiwa mbali na jiji, mimi ningependa kipimo cha kinyesi kitangulie na kolonoskopi iwekewe wale ambao majibu yao yameonyesha damu. Lakini njia hiyo ina sharti moja lisilovunjwa: aliyeonyesha damu lazima apelekwe kwenye kamera, tena pasipo kuchelewa. Kukirudia kipimo cha kinyesi kwa matumaini kwamba mara ya pili kitasema vingine ni kujidanganya, kwa kuwa kinyama hutoa damu leo, kesho kisitoe.

Mwenye dalili habari yake ni nyingine kabisa. Huyo asipimwe kinyesi kwa kungoja. Na aende moja kwa moja kwa daktari, hata akiwa kijana wa miaka 30, kwa sababu katika nchi zetu vijana wanaougua maradhi haya si wachache.

DALILI ZISIZOSTAHILI KUNGOJWA
• Damu katika choo, iwe nyekundu au nyeusi kama lami.
• Mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa: kuharisha, kufunga choo, au choo chembamba kuliko desturi.
• Kukonda bila sababu.
• Upungufu wa damu kwa mwanamume, au kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi.
• Kuhisi haja kubwa wakati ambapo hakuna kitu cha kutoka.

Wakaazi wa kando ya Ziwa Viktoria na maziwa mengine wana mtego wao: kichocho cha tumbo nacho hutoa damu katika choo, na bawasiri kadhalika, na amiba kadhalika. Ukipewa dawa ya mojawapo ya hayo na damu isikome, usikubali kupewa dawa ile ile mara ya tatu, omba rufaa.

KWANZA PANGA SAFARI, NDIPO UPANGE DAWA

Hapa ndipo mkaazi wa mbali hukosea, naye hukosea kwa kutii. Huambiwa anywe dawa nusu jioni na nusu alfajiri, naye akanywa kama alivyoambiwa, kisha saa kumi na moja akapanda basi la masaa manne akiwa na tumbo linalokimbia. Au, kwa kuiogopa fedheha hiyo, akainywa yote jana yake mchana, na kufika hospitali utumbo umekwisha kujaa tena majimaji mazito ya manjano yanayotoka utumbo mwembamba. Wa kwanza huadhirika njiani, wa pili hupimwa bila kuonekana kitu. Dawa iliyogawanywa mara mbili husafisha vizuri zaidi kuliko inayonywewa yote usiku mmoja, na nusu ya pili ndiyo yenye kazi kubwa, nayo sharti inywewe karibu na saa ya kipimo. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Siku unapopewa tarehe, mwambie muuguzi unatoka wapi na safari huchukua muda gani. Usione haya, asipojua hawezi kukusaidia.

2. Omba nafasi ya adhuhuri au alasiri. Anayepimwa saa tisa alasiri huweza kunywa dawa yake asubuhi bila kukesha.

3. Tafuta mahali pa kulala karibu na hospitali usiku wa kuamkia kipimo, kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, na uulize kabla ya kulipa kama kuna choo cha peke yako na maji ya kutosha. Afadhali chumba kibaya chenye choo kuliko chumba kizuri kisicho nacho.

4. Chagua mtu mzima mmoja wa kufuatana nawe kwenda na kurudi. Dawa ya usingizi huacha ulevi usioonekana, na hospitali nyingi hazikubali kumwachia mgonjwa aondoke peke yake.

5. Uliza gharama zote kwa pamoja: kipimo, dawa ya usingizi, kuondoa kinyama kikionekana, na kukipima maabara. Uliza pia bima yako inalipa lipi. Mara nyingi watu hulipia kipimo, wakaishiwa kwa maabara, na kinyama kilichokatwa kikakosa jibu.

6. Ikiwa tarehe imeangukia ndani ya Ramadhani, omba ibadilishwe, isipokuwa daktari akisema haifai kungoja. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa katika dini, lakini dawa hii na saumu havipatani hata kidogo.

HADHARI: MWELEZE DAKTARI HAYA KABLA YA KUCHUKUA DAWA
• Kisukari, hasa ukichoma insulini: kipimo cha dawa yako sharti kipunguzwe siku ya kutokula, na daktari ndiye wa kukipanga.
• Dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarin na clopidogrel: usiziache kwa shauri lako, wala usiendelee nazo bila kuuliza.
• Maradhi ya figo au ya moyo: zipo dawa za kusafisha tumbo zenye fosfeti zinazoweza kuangamiza figo dhaifu.
• Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma: huacha kutumiwa siku 5 hadi 7 kabla, maana huufanya uchafu kuwa mweusi na wa kunata.
• Kufunga choo kwa muda mrefu: huenda ukahitaji siku zaidi za matayarisho.

Dawa ya shinikizo la damu aghalabu huendelea kumezwa, kwa maji kidogo, hata asubuhi ya kipimo. Hata hivyo uliza.

CHAKULA CHA SIKU TATU

Karatasi za hospitali, nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka ughaibuni, humkataza mtu vyakula asivyopata kuviona, zikanyamaza juu ya makande na kisamvu. Muradi wa masharti yote ni mmoja: kisiliwe kitu chenye maganda, mbegu au nyuzi, kwa kuwa hivyo havisagiki na mbegu moja ya pera yaweza kuziba tundu la kunyonyea la kamera.

Siku ya tatu na ya pili kabla ya kipimo, acha maharage, kunde, choroko, makande, mahindi ya kuchoma, ugali wa dona, mtama, karanga, korosho, mchicha, kisamvu na mboga zote za majani, bamia, nyanya zenye mbegu, mapera, pasheni, tikiti, maembe na nanasi. Kula wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, viazi mviringo vilivyomenywa, mayai, samaki na kuku. Mchuzi uwe mwepesi na uchujwe.

Siku moja kabla, usile kitu kigumu chochote. Kunywa maji, chai ya rangi isiyo na maziwa, supu ya kuku iliyochujwa kwa kitambaa, maji ya limau yaliyochujwa na kutiwa sukari, na maji ya dafu ukiwa pwani. Jiepushe na vinywaji vyekundu na vya zambarau, kama maji ya rosela na ya zabibu, ambavyo ndani ya utumbo hufanana na damu. Mwambie mpishi wa nyumbani mapema, kwa upole na kwa maelezo, maana mama wa Kiswahili akimwona mgonjwa hali humletea uji, na kijiko kimoja cha uji kwa huruma huweza kuharibu kazi ya siku tatu.

KUNYWA DAWA

Inayotumika sana ni unga wa kuchanganya na maji kufikia lita 4, ingawa zipo za lita 2. Fuata kipimo cha hospitali yako. Tuseme unapimwa saa tano asubuhi, na dawa yako ni lita 4:

1. Mchana wa jana yake, changanya unga na maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka mahali pa baridi; ikiwa baridi humezeka vyema. Usiongeze sukari wala asali bila kuuliza.

2. Saa kumi na mbili jioni, anza nusu ya kwanza: kikombe cha robo lita kila dakika 15, hata lita 2 ziishe panapo saa mbili usiku. Kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa, kisha endelea taratibu. Tumbo huanza kukimbia ndani ya masaa machache.

3. Tayarisha njia ya chooni kabla ya magharibi: taa, ndoo ya maji, kata, kitambaa laini, na mafuta ya mgando ya kupaka ili ngozi isichubuke. Mzee asiende peke yake gizani. Kizunguzungu huangusha watu.

4. Saa kumi na moja alfajiri, anza nusu ya pili, uimalize saa moja. Huu ndio wakati ambao watu husema choo kimekwisha kuwa maji, basi yatosha. Haitoshi. Maliza yote.

5. Kuanzia saa tatu, masaa mawili kabla ya kipimo, usinywe kitu tena, hata maji, ili usipaliwe ukiwa usingizini. Hospitali nyingine hutaka muda mrefu zaidi, itii.

6. Tazama choo chako cha mwisho. Kikiwa maji meupe au ya manjano yanayong'aa, mfano wa mkojo, uko tayari. Kikiwa cha kahawia, au kizito kiasi cha kutoona chini, mwambie muuguzi kabla hujavua nguo. Anaweza kukuongezea dawa au kukusogeza hadi alasiri; akikupima hivyo hivyo, safari nzima imepotea.

Juu ya sanamaki, mshubiri na dawa nyingine za mitishamba: najua ya kuwa nyumba nyingi za pwani zina sanamaki kabatini, nayo huharisha kweli, lakini kuharisha na kusafika si jambo moja. Usiongeze wala usibadilishe.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Watu wetu huona kumwuliza daktari ni kukosa adabu. Daktari mwenye kujua kazi yake huyapenda maswali haya, na asiyependa amekwisha kukujibu. Uliza wewe au mwenzako ukiwa umezinduka vyema, na kilicho bora ni kuomba majibu yaandikwe katika ripoti:

□ Je, umefika mwisho, kule penye kidole tumbo, na umepiga picha ya pahali hapo?
□ Utumbo ulikuwa safi kiasi gani? (Wengi hutumia kipimo cha Boston: sehemu tatu za utumbo, kila moja hupewa alama 0 hadi 3, jumla iwe 6 au zaidi, na kila sehemu isipungue 2.)
□ Ulitumia dakika ngapi kurudi nje ukitazama?
□ Umekuta vinyama? Vingapi, vya ukubwa gani, na umeviondoa vyote?
□ Vimepelekwa maabara ipi, na majibu nitayapata lini na kwa njia gani?
□ Nirudi baada ya muda gani?

Ukiambiwa utumbo haukuwa safi au bomba halikufika mwisho, kipimo hicho hakihesabiki. Pangiwa tarehe nyingine, usitumwe nyumbani na neno "kawaida".

BAADA YA KIPIMO

Upepo na tumbo kujaa ni jambo la siku moja. Usiendeshe bodaboda wala gari, usitie sahihi ya mauzo wala mapatano mpaka masaa 24 yapite. Ikiwa umeondolewa kinyama, hasa kikubwa, nakusihi ulale usiku mmoja zaidi mjini, kwa kuwa ajali za kipimo hiki ni nadra lakini zikitokea hazingoji basi la kesho. Rudi hospitali mara moja ukiona maumivu makali ya tumbo yasiyopungua, tumbo gumu, homa, kutapika, au damu nyingi. Na ujue ya kuwa damu ya pale palipokatwa huweza kutoka hata wiki mbili baadaye, wakati ambapo hakuna tena anayeikumbuka safari.

NENO KWA MGANGA WA ZAHANATI NA MHUDUMU WA AFYA WA KIJIJI

Wewe ndiwe utakayeulizwa usiku wa dawa, si daktari bingwa. Weka daftari la kila uliyemwandikia rufaa, lenye safu nne: tarehe ya rufaa, tarehe aliyopimwa, jibu la kamera, jibu la maabara. Safu iliyo tupu baada ya mwezi ni mtu wa kufuatwa nyumbani. Mpigie simu mgonjwa jioni ya dawa ya kwanza, umsomee hatua kwa lugha yake. Wengi wasiomaliza dawa huacha kwa kuingiwa na hofu, na sauti ya mtu wamjuaye huwatuliza.

Nanyi mnaosimamia hospitali zenye mashine, pimeni kazi yenu wenyewe. Katika California, uchunguzi wa mwaka 2014 juu ya madaktari 136 na vipimo zaidi ya laki 3 ulionyesha ya kuwa kila daktari alipozidi mwenzake kwa mgonjwa 1 katika 100 aliyekutwa na kinyama cha aina ya adenoma, hatari ya wagonjwa wake kuja kupata saratani ilipungua kwa asilimia 3. Wamarekani wamejiwekea kiwango cha 35 katika 100 tangu mwaka 2024, kutoka 25 cha mwaka 2015. Sisemi tukinakili kiwango hicho, kwani wagonjwa wetu wengi huja kwa dalili nao ni vijana kuliko wao, nasema tuhesabu. Hospitali isiyojua ni wangapi kati ya wagonjwa wake waliofika na utumbo mchafu haiwezi kujua kama karatasi yake ya maelekezo inafahamika, na aghalabu haifahamiki, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza.

RIPOTI IKIFIKA NYUMBANI

Ihifadhi pamoja na hati za shamba na vyeti vya kuzaliwa, kisha ipige picha kwa simu na kumtumia mtoto mmoja, kwa maana daktari wa miaka 10 ijayo hatakuwa yule yule. Jibu la maabara likisema saratani, au adenoma iliyokwisha kukomaa, usilifiche kwa kuona aibu ya mahali ilipotoka. Waite ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako, uwasomee umri wako ulioandikwa katika ripoti, toa 10, jibu likizidi 40 shika 40, na kila mmoja aandike mwaka wake wa kwenda kupimwa.